Siku ya Gagarin, msitunyime soseji

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe ombi dogo kuhusu Aprili 12, tarehe ambayo tangu mwaka 2011 Umoja wa Mataifa umeitambua kuwa Siku ya Kimataifa ya Safari za Binadamu Angani. Kila inapowadia, magazeti hutukumbusha kwamba mwaka 1961 Yuri Gagarin, rubani wa Kisovieti mwenye umri wa miaka 27, aliizunguka dunia mara moja na kurejea ardhini katika muda wa dakika 108, na baada ya hapo mada hufungwa kwa heshima zote. Sina ugomvi na heshima hizo. Ninachokilalamikia ni kwamba kwa jinsi habari ile inavyosimuliwa, mtu anaweza kudhani kuwa siku hiyo duniani kote hakuna aliyetania, aliyesinzia wala aliyedanganya, ilhali siku yenyewe ilijaa vituko tangu asubuhi.

Gagarin alikuwa amekwisha kufungwa mikanda juu ya roketi akisubiri saa 3:07 za Moscow, pale kifaa kimoja kilipoonyesha kwamba mlango wa chombo chake haukufungwa sawasawa, mafundi wakalazimika kulegeza nati zote na kuzikaza upya. Abiria, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, aliomba apigiwe muziki, akapigiwa nyimbo za mapenzi. Kisha akaja redioni Sergei Korolev, mhandisi mkuu ambaye hata jina lake lilikuwa siri ya serikali, na badala ya kumpa kijana yule maneno mazito ya kihistoria, akaanza kumhesabia chakula alichofungashiwa: soseji, peremende na jemu ya kunywea chai, jumla vipande 63, akamtania kwamba atanenepa. Gagarin akajibu kuwa la muhimu ni soseji iwepo, maana ndiyo ya kusindikizia gongo ya kwao. Hapo Korolev akakumbuka kwamba kinasa sauti kinanasa kila neno, akakitukana kinasa sauti, na tusi lenyewe likanaswa pia.

Kulikuwa pia na suala la bahasha. Wataalamu walihofia kwamba mtu akikosa uzito angani anaweza kurukwa na akili, kwa hiyo usukani wa kuendeshea chombo kwa mkono ulifungwa kwa namba ya siri, nayo namba ikatiwa ndani ya bahasha iliyowekwa humo humo chomboni, kwa hoja kwamba mwenye uwezo wa kuifungua bahasha na kuisoma bado ana akili timamu. Namba ilikuwa 125. Kabla ya kuruka, zaidi ya mkubwa mmoja alikwisha kumnong'oneza Gagarin namba hiyo, kila mmoja kwa huruma yake mwenyewe, hata nadhani posa za vijijini hufichwa vizuri zaidi.

Bahasha nyingine zinawahusu ninyi wanahabari moja kwa moja, Mhariri. Shirika la habari la TASS na redio ya taifa walikabidhiwa mapema matangazo matatu yaliyofungwa: la kwanza la ushindi, la pili la kuomba msaada iwapo rubani angetua nje ya nchi, na la tatu la msiba. Lilifunguliwa la kwanza, likasomwa redioni na Yuri Levitan, ambaye sauti yake wananchi waliizoea tangu taarifa za Vita Kuu ya Pili, na wakati analisoma mhusika mwenyewe alikuwa bado yuko juu, hajashuka. Katika tangazo hilo Gagarin alitajwa kuwa meja, ingawa aliondoka ardhini akiwa luteni mwandamizi. Cheo cha kapteni alikiruka, na sidhani kama yuko ofisa mwingine aliyepandishwa cheo kwa namna hiyo bila kujaza fomu.

Upande wa Marekani habari ilifika usiku wa manane ukielekea alfajiri. Mwandishi mmoja alimpigia simu John Powers, msemaji wa wanaanga wa nchi hiyo, amuulize maoni yake, naye kwa hasira ya mtu aliyekatishwa usingizi akajibu kwamba huku wote wamelala. Kilichofuata ni kichwa cha habari kilichosema kuwa Wasovieti wamempeleka mtu angani na msemaji anasema Marekani imelala. Sijaona msemaji mwingine aliyesema ukweli mtupu na ukamgharimu kiasi kile.

Lakini kwangu mimi kiini cha siku ile ni kutua kwake. Gagarin alishuka katika eneo la Saratov, mahali ambapo hakutarajiwa, akiwa na vazi la rangi ya chungwa na kofia nyeupe yenye herufi kubwa za CCCP, kifupi cha jina la Muungano wa Kisovieti kwa Kirusi, akamkuta bibi mmoja na mjukuu wake shambani, wakipanda viazi. Bibi na mtoto waliingiwa na hofu wakaanza kurudi nyuma, na hawakukosea, kwani mwaka uliotangulia rubani wa Kimarekani wa ndege ya ujasusi alidunguliwa juu ya nchi hiyo hiyo, naye pia alishuka kwa mwavuli. (Huyo naye aliitwa Powers, ingawa hakuwa ndugu wa yule mlalaji.) Binadamu wa kwanza kutoka angani akaanza kujieleza kwamba yeye ni mwenzao, raia wa Kisovieti, na kwamba anatafuta simu apige Moscow.

Bibi yule alikuwa ameona jambo ambalo magazeti hayakuambiwa. Gagarin alichomoka chomboni akiwa bado juu, kiasi cha kilomita 7, akashuka kwa mwavuli wake peke yake, na chombo kikaanguka kivyake. Kanuni za shirikisho la kimataifa la michezo ya anga zilitaka rubani atue pamoja na chombo ndipo rekodi ikubaliwe, hivyo nyaraka rasmi zikaandikwa kwamba alitua akiwa ndani, na serikali ikashikilia hivyo kwa takriban miaka 10. Hata mahali aliporukia palitajwa kuwa Baikonur, mji wa machimbo ulioko zaidi ya kilomita 300 kutoka kwenye roketi yenyewe. Kwa hiyo waandishi wa dunia nzima walipiga chapa kile walichopewa kwenye bahasha, na waliokuwa na habari kamili ya kutua ni mpanda viazi na mtoto, ambao hakuna aliyewaomba saini ya uthibitisho.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba mwakani mkiandaa ukurasa wa kumbukumbu hiyo, mtuwekee soseji, msemaji aliyelala na bahasha zote kwa ujumla wake. Nafasi ikiwa finyu, ni afadhali mkate aya ya roketi kuliko kumkata bibi wa viazi.

Msomaji wako wa siku nyingi