Usiinunue ile kabureta ya 750 kwanza

Ndugu yangu,

Salamu nyingi sana. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, ya kwanza haraka, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Nimefurahi mno kusikia kwamba injini imewaka, shinikizo la oili liko sawa na hakuna panapovuja. Kuifungua injini hadi chini na kuifunga tena kwa mikono yako mwenyewe si jambo dogo, hongera.

Ila pale ulipoandika kwamba umekwisha chagua kabureta ya 750 (yaani inayopitisha futi za ujazo 750 za hewa kwa dakika) yenye pampu mbili za kurusha petroli ukikanyaga, kwa sababu ndiyo inayofungwa kwenye magari ya mbio, moyo ulinipasuka kidogo. Usiinunue kwanza, kaka. Nisikilize, kisha uamue mwenyewe.

Wewe unajua kabureta inavyofanya kazi, lakini nataka tuanzie hapo kwa sababu uamuzi wote umejificha hapo. Hewa ikipita kwenye koo jembamba inaongeza mwendo, shinikizo linashuka, na huo upungufu ndio unaoivuta petroli itoke kwenye kibakuli kinachoihifadhi ndani ya kabureta. Hakuna kingine kinachoivuta. Koo likiwa pana kuliko inavyohitaji injini, hewa inapita polepole, mvuto unalegea, na petroli inadondoka kwa matone makubwa badala ya kutoka kama ukungu. Injini inazubaa kwenye mizunguko ya chini. Na gari la barabarani linaishi huko chini! Hesabu saa unazoendesha: nyingi ziko kati ya mizunguko 1500 na 3500 kwa dakika. Ile 6000 unaigusa kwa sekunde chache tu, tena si kila siku.

Sasa tufanye hesabu ya injini yako. Ni ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7. Zidisha 350 kwa mizunguko 6000, gawanya kwa 3456. (Hiyo 3456 haikutoka hewani: futi moja ya ujazo ina inchi za ujazo 1728, na injini ya mipigo minne inavuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo 1728 mara mbili.) Unapata kama futi za ujazo 608 kwa dakika. Hiyo ingekuwa kweli kama silinda zingejaa kabisa kila mara, na injini ya barabarani iliyotengenezwa vizuri hujaa kama asilimia 85. Kwa hiyo hitaji lako halisi ni kama 516. Kabureta ya 600 inakutosha na kubaki. Ile 750 ungeipa kazi ambayo injini yako haina.

Na ukiona mtu anakuuzia kabureta ya makoo mawili iliyoandikwa 500, usiilinganishe moja kwa moja na ya makoo manne. Za makoo manne hupimwa kwa upungufu wa shinikizo wa inchi 1.5 za zebaki, za makoo mawili kwa inchi 3. Ile 500 ya makoo mawili, ukiipima kwa kipimo cha makoo manne, inakuwa kama 354 tu.

Jambo la pili ni jinsi makoo ya nyuma yanavyofunguka. Umesema gari ni zito, gia ni otomatiki na difu umeiacha ile ya kiwandani. Basi chukua ile ambayo makoo yake ya nyuma yanafunguliwa na vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini. Hayo hayafunguki mpaka injini yenyewe ivute hewa ya kutosha, kwa hiyo hata ukikanyaga hadi sakafuni kwa pupa, kabureta inasubiri injini iwe tayari. Zile zinazofunguliwa kwa fimbo, zenye pampu mbili, ni nzuri sana kwenye gari jepesi la gia za mkono lenye difu fupi. Kwenye gari kama lako zitakupa kigugumizi kila ukitoka kwenye taa.

Kuhusu aina, umeniuliza Holley au Edelbrock. Zote mbili nimezifunga na zote zinafanya kazi. Holley ya 600 yenye vakyumu utaipata kwa urahisi na kila kitu ndani yake kinabadilishika, ndiyo maana naipenda kwa mtu anayetaka kujifunza. Edelbrock ile ya Performer, ambayo asili yake ni Carter AFB, haina gasketi chini ya usawa wa petroli, na vijiti vyake vya kupimia mafuta unavibadilisha bila kuifungua kabureta wala kumwaga petroli. Dakika tano tu. Kama hupendi mikono kunuka petroli kila wiki, chukua hiyo. Na kama ile Quadrajet iliyokuja na gari bado ipo, usiitupe! Watu wanaidharau bure. Makoo yake ya mbele ni madogo, milimita 35, kwa hiyo inaitika vizuri chini, halafu ya nyuma ni makubwa, milimita 57, yanafunguka pale tu nguvu inapohitajika. Ni kabureta iliyofikiriwa vizuri kwa barabara.

Haya, tuseme umefunga 600. Kabla hujashika bisibisi, taimingi kwanza, yaani wakati plagi inapotoa cheche. Nakuomba kwa dhati. Makosa mengi sana yanayosingiziwa kabureta huwa kwenye umeme wa plagi. Kwa injini yako anza na nyuzi 10 hadi 14 kabla ya TDC (pistoni ikiwa juu kabisa) kwenye sailensi, injini ikizunguka bila kukanyagwa, na jumla isizidi kama 34 hadi 36 ukipandisha mizunguko, bomba la vakyumu la distribyuta likiwa limechomolewa. Kisha hakikisha hakuna hewa inayoingia kwa wizi kwenye gasketi ya manifoldi au mpira uliopasuka. Mwombe mtu akanyage pedali hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, wewe uangalie kama vipepeo, vile vibati vinavyofungua makoo, vinafunguka kabisa. Nimewahi kuona gari ambalo kebo ilikuwa inaishia katikati, na mwenyewe alikuwa amekwisha badilisha jeti, vile vitundu vinavyopima petroli, mara nne.

Kiwango cha petroli kwenye kibakuli nacho ni cha mwanzo, kwa sababu kila kitu kingine kinakitegemea. Kwenye Holley zile za kawaida, gari likiwa limesimama sawasawa na injini iko kwenye sailensi, toa kile kizibo cha pembeni: petroli inatakiwa ifike kwenye ukingo wa chini wa tundu, karibu kutoka lakini isitoke. Weka kitambaa chini. Shinikizo la pampu lisizidi paundi 7 kwa inchi ya mraba, na kwa Edelbrock lisizidi 6, la sivyo sindano ya floti inashindwa na injini inalowa.

Halafu sailensi. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipopoteza mwezi mzima.

Injini yangu ile ya kwanza ilikuwa na kemshafti kali kuliko yako. Skrubu za mchanganyiko wa hewa na petroli nilizifunga taratibu hadi zikagusa, nikazifungua mzunguko mmoja na nusu kila moja, kama inavyotakiwa kuanza. Nikawasha. Nikazungusha ya kulia, kimya. Ya kushoto, kimya. Nilizifunga zote kabisa na injini ikaendelea kunguruma kana kwamba hazipo! Moshi unauma macho, plagi nyeusi kama masizi ya sufuria. Nikabadilisha vali ya nguvu (inayoongeza petroli injini ikibeba mzigo), nikabadilisha jeti, hakuna kilichobadilika.

Siku moja nikaing'oa kabureta, nikaimwaga petroli, nikaipindua juu ya meza. Chini, pembeni ya kila kipepeo cha mbele, kuna mwanya mwembamba uliosimama kama mkwaruzo wa kisu. Huo ndio unaotoa petroli gari linapoanza kuondoka, kabla makoo makubwa hayajaanza kutoa. Kwenye sailensi inatakiwa sehemu yake ndogo tu ionekane chini ya kipepeo, kama mraba mdogo wa nusu milimita. Mimi, kwa kutafuta sailensi isiyozima, nilikuwa nimekaza ile skrubu ya kupandisha mizunguko mpaka mwanya ukaachwa wazi karibu wote. Petroli ilikuwa inamiminika kutoka pale, ikizipita skrubu za mchanganyiko bila kuziuliza. Na ukikanyaga, hakuna kilichobaki cha kutoa, basi injini inashikwa na kwikwi.

Niliurudisha ule mraba, kisha hewa iliyopungua nikaitafuta kwingine: kuna kiskrubu kidogo upande wa chini kinachoshikilia vipepeo vya nyuma, nikakikaza kidogo sana vikafunguka kama uzi. Taimingi ya sailensi nikaisogeza mbele nyuzi mbili. Nikaifunga, nikawasha, nikagusa skrubu ya kulia kwa robo mzunguko, na mshale wa geji ya vakyumu ukapanda. Nakumbuka nilisimama pale na bisibisi mkononi nikiutazama ule mshale tu.

Kwa hiyo nawe tumia geji ya vakyumu. Zungusha skrubu moja robo mzunguko, kisha nyingine robo hiyo hiyo, mpaka upate usomaji wa juu kabisa ulio thabiti. Fanya injini ikiwa na joto kamili, gia kwenye D, matairi yamezuiliwa kwa magogo na mtu anayejua kazi ameshika breki.

Usomaji huo uandike, kwa sababu ndio utakaokuchagulia vali ya nguvu. Kanuni ninayoitumia ni nusu ya vakyumu ya sailensi. Ukisoma inchi 13, ile ya 6.5 inayokuja na kabureta inakufaa. Ukisoma 9, weka ya 4.5, la sivyo vakyumu ikiyumba kidogo tu inaweza kufunguka hata gari likiwa limetulia.

Sasa kule kuzubaa ukikanyaga ghafla. Zima injini, toa chujio la hewa, tazama ndani ukiusukuma mkono wa kabureta kwa kidole. Petroli inatakiwa iruke kwa nyuzi mbili safi mara tu mkono unapoanza kutikisika, si baadaye. Ikichelewa, kuna nafasi kati ya mkono wa pampu na boliti yake. Ikaze mpaka viguse. Kisha fungua vipepeo kabisa na upime upande wa pili: lazima ibaki nafasi ya kama milimita 0.4 ili daiframu isipondwe. Gari likizubaa halafu likatoa moshi mweusi, petroli inayorushwa ni nyingi, weka pua yenye tundu dogo. Likizubaa bila moshi, au likapiga chafya kupitia kabureta, ongeza. Usiweke uso juu ya kabureta injini inapozungushwa. Moto ukirudi juu, hauulizi.

Jeti ziwe za mwisho. Badilisha namba mbili kwa mara moja, makoo ya mbele kwanza, andika kwenye daftari, jaribu barabara ile ile. Rangi ya plagi inasaidia, lakini petroli za siku hizi haziachi alama kama za zamani, kwa hiyo kama unaweza kupata kipimo cha lambda cha kuweka kwenye ekzosti, kipate kabla ya kununua kitu kingine chochote. Kwa mwendo wa kawaida tafuta karibu 14 kwa 1, yaani hewa 14 kwa petroli 1 kwa uzito, hata 14.7 ikiwa injini inakubali bila kutikisika. Ukikanyaga mpaka mwisho, 12.5 hadi 13. Ukiona 14 ukiwa umekanyaga hadi sakafuni, ondoa mguu mara moja, pistoni zinaweza kuyeyuka.

Springi ya makoo ya nyuma usiihangaikie mapema. Ukitaka kujua kama yanafunguka, bana kibanio cha karatasi kwenye kile kijiti cha daiframu, kikigusa chini ya nyumba yake, kisha endesha na ukanyage kikamilifu. Ukirudi, kilikosukumwa ndipo makoo yalipofika. Ongeza wepesi wa springi hatua moja moja mpaka uhisi kigugumizi, halafu rudi hatua moja.

Choki nitakueleza siku nyingine, ni kazi ya dakika kumi.

Ukiniandikia tena, niambie mambo matatu: vakyumu ya sailensi ikiwa kwenye D, taimingi uliyosoma kwa taa, na kama skrubu za mchanganyiko zinaitika au zimekaa kimya. Na ukiipindua kabureta, ipige picha sehemu ya chini unitumie. Nataka kuuona ule mraba.

Msalimie mama na wote hapo nyumbani.

Ni mimi, sahibu yako wa spana na petroli