Kwa nini hatupokei damu ya chupa yenye kizibo cha zambarau kwa kipimo cha DAO

Lawama ni ile ile kila mara: mteja kaja maabara kwetu na damu aliyotolewa kwengine, tumeikataa, naye anaondoka akiamini tunatafuta ada ya sindano ya pili. Sivyo.

DAO (diamini oksidesi) ni kimeng'enya kinachovunja histamini, kemikali inayoleta mwasho na vipele. Kwa sehemu kubwa hutengenezwa na seli za ncha za vinyweleo vya utumbo mdogo, na hakifanyi kazi bila madini ya shaba. Chupa ya zambarau ina EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo kazi yake ni kukamata madini, ikiwamo shaba hiyo. Sisi tunataka kizibo chekundu au cha manjano: damu igande nusu saa, izungushwe kwenye mashine, seramu (majimaji ya damu yanayobaki juu) itengwe na kugandishwa nyuzi 20 chini ya sifuri siku hiyo hiyo. Damu iliyopigwa jua kwenye daladala kutoka Nungwi chembe zake hupasuka, seramu ikawa nyekundu. Hiyo ni ya kumwaga, na mteja amelipa mara mbili.

Kuhusu bei: sahani ya kupimia ina visima (vijishimo) 96. Kila tukipima, visima vya viwango (vya kulinganishia) na vya udhibiti (vya kuhakiki usahihi) vinatumika, awe mgonjwa mmoja au ishirini, na kila sampuli inachukua viwili. Ndiyo maana tunasubiri sampuli zitimie. Anayetaka jibu leo anabeba gharama ya visima vyote hivyo peke yake.

Namba ndogo ya DAO inaweza kuashiria ukuta wa utumbo umechubuka, kama kwa wenye siliaki (ugonjwa wa utumbo kudhuriwa na ngano) au wanaotumia dawa za saratani. Lakini haikwambii ni ugonjwa gani. Tena utumbo uliokosa damu unaweza kuvujisha DAO, namba ikapanda. Kwa mjamzito hatupimi kabisa: kondo la nyuma humwaga DAO nyingi mno. Aliyechomwa heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) naye asubiri, kwani dawa hiyo hukitoa kimeng'enya utumboni na kukiingiza kwenye damu.

Uso kuwaka na mwili kuvimba vipele muda mfupi baada ya kula jodari au vibua vilivyokaa bila barafu, hiyo ni sumu ya samaki. Histamini imeshajaa kwenye nyama, na kukaanga hakuiondoi. Nenda hospitali, pesa ya DAO iweke.

Anayetumia isoniazidi ya kifua kikuu atuambie kabla ya sindano, maana inazuia kimeng'enya hiki. Dawa asiiache kwa ajili ya kipimo chetu.