Asante, bibi wa Mbagala

Bibi, shikamoo. Hukutuachia jina, kwa hiyo shukrani za hadithi uliyowasimulia watoto wetu tunazitoa hadharani.

Jumamosi ile watoto walikuwa wakimcheka mwenzao mwenye kigugumizi, na msimulizi tuliyemtarajia hakutokea. Ukaomba mkeka. Kwanza uliwakalisha nusu duara, migongo ikielekea barabara, ili bodaboda zisiwavute macho. Ukaita "Paukwa!" mara tatu, mpaka "Pakawa!" ikatoka kwa wote. Wasimulizi wengi huita mara moja na kuanza, ndiyo maana nusu ya watoto hubaki nje ya hadithi.

Ukasimulia habari za kobe anayechekwa kwa mwendo wake. Kibwagizo kilikuwa na maneno manne tu, kikiimbwa taratibu kwa makofi. Ufundi upo hapo: wengi wenye kigugumizi huimba bila kukwama, na mtoto yule aliimba sawasawa na wenzake. Hukumtaja, wala hukumtazama kuliko wengine. Katikati ukaikata hadithi: "Kobe anajisikiaje sasa hivi?" Hukusahihisha jibu lolote, na mwisho hukutoa funzo. Sisi walimu funzo hutuponyoka mapema mno. Mtoto akishalisikia, haoni sababu ya kufikiri.

Mnaosimulia watoto hadithi, Temeke hata Bunju, jaribuni hivyo: kibwagizo kifupi, swali moja katikati, kisha nyamazeni hata kimya kikirefuka. Na anayemfahamu bibi huyu amwambie tunamngoja Jumamosi. Nauli ya daladala juu yetu.