Nyuki wetu wamesingiziwa

Langoni, Lamu

Somo yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Waama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Kusi linavuma, mashua za Mokowe zinarusha watu maji mpaka kwenye mabuibui, na mama anauliza tangu uolewe Malindi umeisahau njia ya Lamu?

Nina kisa. Juzi baada ya isha kaka alitandaza shuka jeupe ukutani pale uani, akaazima projekta, akatuita sote tuje kutazama filamu. Unamjua na mambo yake ya zamani: meli zipinduke, maghorofa yaungue. Safari hii alileta The Swarm ya mwaka 1978, kazi ya Irwin Allen, yule yule aliyetoa ile ya meli kupinduka mwaka 1972 na ile ya jengo kuungua mwaka 1974. Zile mbili zilimpa fedha na sifa. Hii ya nyuki inatajwa hadi leo miongoni mwa filamu mbovu kupindukia, na mimi nashuhudia kwamba haikuonewa.

Basi sikiliza. Nyuki wa Kiafrika, naam, wa Kiafrika, wameingia Texas. Wanaua wanajeshi ndani ya kambi ya makombora, wanaangusha helikopta, wanavamia watoto wa shule, mpaka kinu cha nyuklia kinalipuka. Jeshi linakaa, linafikiri, linaona dawa ni kuingia Houston na mitambo ya kurusha moto. Mji unateketea mikononi mwa wenyewe! Michael Caine ndiye mtaalamu wa wadudu, na kazi yake kubwa ni kumfokea jenerali, jenerali naye amfokee. Henry Fonda, mzee wa watu, yuko kwenye kiti cha magurudumu, anajidunga sumu ili ajaribu dawa yake, anakufa. Shangazi alilia hapo, lakini shangazi hulia hata kwenye tangazo la sabuni. Mimi walioniuma ni Olivia de Havilland na wazee wawili wanaomgombea. Ndio kwanza unaanza kutaka kujua bibi atamchagua nani, wote watatu wanapakiwa kwenye treni, nyuki wanaivamia, treni inaporomoka. Uchumba wote ule, kwisha.

Sasa ungemwona mjomba! Alikuwa amevuka kutoka Hindi, ng'ambo yetu kule bara, na unajua ana mizinga yake kule shambani. Mwanzo alinyamaza kwa adabu. Walipoanza kumwaga sumu kwa ndege akashindwa. "Hawa watu hawana mtu wa kurina asali? Watu wote hawa, hakuna hata mmoja mwenye moshi?" Kaka akamwambia ngoja, moshi unakuja. Ukaja kweli, wa nyumba za Houston. Mjomba akaeleza kwamba nyuki hana shida na mji wako, yeye analinda kwake; ukimsogelea vibaya atakufukuza mbali, kisha atarudi kwenye mzinga. Waboni, anasema, huenda msituni wakipiga mluzi, na yupo ndege anayewaitikia na kuwaongoza hadi penye asali. Hilo lingekuwa jambo la kutazama, si Caine akipayuka.

Nikafungua simu nitafute asili ya uvumi huu. Kumbe una chanzo. Mwaka 1956 mtaalamu mmoja wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki kutoka huku Afrika ili apate aina itakayozalisha vizuri kwenye joto la kwao. Mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka, yakachanganyika na nyuki wa kule, yakaanza kupanda kaskazini. Wamewahi kuua watu, hilo siwatetei, ila sumu ya mmoja wao haizidi ya nyuki wa Kizungu. Hatari ni kwamba wanakuja wengi na hawachoki upesi. Texas walifika mwaka 1990. Allen aliwafikisha mapema kidogo.

Kilichonifanya nishike kalamu, somo, ni maandishi ya mwisho wa filamu. Wanatangaza kwamba nyuki muuaji wa Kiafrika tuliyemwona hahusiani kabisa na nyuki wa Marekani, mchapakazi, anayechavusha mazao yanayolisha taifa. Yaani nyuki wao kasafishwa jina, wetu kaachiwa kesi! Na huyo "wa Marekani" mwenyewe alipelekwa kwa meli kutoka Ulaya katika karne ya 17. Mjomba alipotafsiriwa alicheka mpaka kofia ikamdondoka, kisha akauliza wao wanadhani maembe ya Hindi yanachavushwa na nani.

Uje kwa Maulidi tuitazame tena, na shemeji umlete. Mjomba kaniahidi chupa ya asali, nusu nimekuwekea wewe. Kama kule Malindi mna filamu mbovu kuliko hii, ije nayo.

Wasalaam,
Somo yako