Kaka, wetu pia ni mzee

Kaka,

Picha yako ya Jumapili tumeiona. Wewe na watoto mmesimama nje ya ua, na nyuma yenu ule mwaloni wa msitu wa Sherwood, Major Oak, matawi yameegemezwa magongo kama babu wa watu. Ukaandika: "Miaka 800, wengine wanasema 1,000! Waingereza wanajua kutunza." Mama alivaa miwani, akaitazama mara mbili, akasema kumbe ndiyo mialoni ya Mamre, pale Abrahamu alipopiga hema. Sikumsahihisha.

Jumatatu ukanipigia: pesa za kuangusha mugumo, ule mtini mkubwa wa nyuma ya jikoni, upishe nyumba zako za kupangisha, umeshatuma, jamaa wa pawaso anakuja Kangemi Jumamosi.

Nimesoma habari za huo mwaloni wako. Ua uliwekwa miaka ya 1970 kwa sababu ya miguu ya wageni. Hakuna aliyekuja na shoka. Watu walikuja kuustaajabia tu, wakakanyaga mpaka udongo ukashindiliwa, maji na hewa vikawa havifiki mizizini. Nikatoka nyuma kutazama wetu. Lori la mkandarasi wako limemwaga kokoto hadi kwenye shina, na vijana wanachanganyia saruji juu ya mizizi. Hata bila pawaso, kazi ilishaanza.

Unaukumbuka lakini? Nimezungushia shina kamba ya kuanikia nguo. Kilichobaki hakitoshi kuanika soksi. Babu hakuupanda, aliukuta. Mugumo mara nyingi huanzia juu: ndege hula tunda, akaacha mbegu kwenye panda ya mti mwingine, mizizi ikateremka mpaka chini na kumkumbatia mwenyeji wake hadi akafia humo ndani. Ndiyo maana shina lina ule uwazi nilimokufichia viatu siku ile ukakosa shule. Maua yake huyaoni kwa sababu yako ndani ya tunda, na anayeingia kuyachavusha ni nyigu mdogo kuliko punje ya ufuta. Wiki hii umezaa. Asubuhi hondohondo, usiku popo, na wanayoyaangusha yanagonga mabati ya Mama usiku kucha. Analalamika kila siku. Ukimtajia kuukata, ananyamaza.

Najua utasema mizizi itapasua nyumba. Inaweza, zikijengwa pale ulipochora. Lakini ule mugumo wa Waiyaki Way hapa Nairobi ulikuwa kwenye njia ya Expressway, kilomita 27 za barabara, na Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta akaamuru usikatwe. Barabara ikajengwa, mti upo. Kwetu ni nyumba nane za kupangisha. Mchoraji ramani anasema zikisogezwa mita sita kuelekea lango tunapoteza moja. Kodi ya nyumba moja si mchezo, na najua ulishaipigia hesabu ya karo. Nipigie jioni tuipige upya.

Kokoto nimeziondoa, vijana walinuna, nikawapikia chapati. Jamaa wa pawaso nimemwambia asije, naye amekataa kurudisha malipo ya kwanza. Hayo yakate kwenye pesa zangu za Desemba.

Dada yako