Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: dresingi hai zije, ila kidonda kiandaliwe kwanza

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni nesi, kazi yangu kila siku ni kusafisha na kufunga vidonda, na nakuandikia hadharani kuhusu zile dresingi hai zinazotengenezwa maabara kwa seli za binadamu. Nazitaka sana. Ila naogopa zikinunuliwa kwa pupa zitashindwa, halafu tutaambiwa hazina maana na mlango utafungwa.

Mwaka 1975 James Rheinwald na Howard Green walionyesha kuwa seli za ngozi ya juu ya binadamu zinaweza kuoteshwa kwa wingi maabara, na kutokea hapo ndo wengine wakafika kwenye vitu kama Apligraf, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa vidonda vya miguu vinavyotokana na mishipa ya vena na mwaka 2000 kwa vidonda vya miguu vya wenye kisukari. Tabaka la chini ni kolajeni ya ng'ombe, yaani protini inayoipa ngozi uimara, yenye seli za faibroblasti zinazojenga nyama ya ndani ya ngozi, juu yake kuna keratinosaiti, zile seli za ngozi ya juu, na seli zenyewe zimetoka kwenye magovi ya watoto wachanga waliotahiriwa. Wengi wanadhani ukiibandika inabaki pale milele kama ngozi ya kupandikiza, hapana, baada ya wiki kadhaa zile seli hazionekani tena. Kidonda sugu kimekwama kwenye hatua ya uvimbe, vimeng'enya vinakula kila ambacho mwili unajaribu kujenga, sasa zile seli zinatoa vichocheo vya ukuaji vinavyokiamsha, halafu mwili wenyewe ndo unamalizia kufunga.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wagonjwa 208 wa kisukari wenye vidonda vya miguu. Waliowekewa Apligraf asilimia 56 walikuwa wamepona kabisa ndani ya wiki 12, waliofungwa gozi iliyoloweshwa kwa maji ya chumvi ni asilimia 38. Wauzaji watakuonyesha ile 56, na ni namba ya kweli, lakini mimi naomba uiangalie na ile 38 mheshimiwa. Gozi na maji ya chumvi tu, na zaidi ya theluthi wamepona! Wamepona kwa sababu makundi yote mawili yaliondolewa nyama mfu vizuri na kuzuiwa wasikanyagie kidonda, na kidonda chenye maambukizi au mguu usiopata damu ya kutosha havikuingizwa kabisa kwenye utafiti.

Hicho ndo tunachokosa. Mgonjwa anakuja, anafungwa bandeji safi nyeupe, anaondoka anaukanyagia mguu uleule na kiatu kilekile kilichomtoboa, hakuna aliyepapasa mapigo ya damu juu ya unyayo, hakuna aliyepima kidonda kina sentimita ngapi, wiki ijayo anarudi tunafungua tunakuta usaha. Dresingi hai ukiiweka hapo bakteria wataila na hela ya umma imeenda.

Kwahiyo naomba wizara ianze na manesi wa vidonda waliosomea kazi hiyo, na bima ilipie hogo maalum au kiatu cha kupunguza mgandamizo, maana haiingii akilini kulipia kukata mguu ukakataa kulipia kiatu. Kidonda kipimwe kila wiki. Kwa kidonda cha mguu wa kisukari, kisipopungua nusu ndani ya wiki 4 za matunzo sahihi basi kuna uwezekano mkubwa hakitafunga kwenye wiki 12, na huyo ndo mgonjwa wa kumwekea dresingi hai mapema, sio baada ya mwaka mzima wa kuzungushwa. Na kabla ya kusaini tenda ulizia inatunzwaje: Apligraf inakaa kwenye joto la chumba la nyuzi kama 20 hadi 23 na muda wake ni wa siku tu, dresingi hai nyingine inayoitwa Dermagraft inataka friza la nyuzi 75 chini ya sifuri. Umeme ukikatika usiku mmoja umepoteza shehena.

Lingine, na hili natamani ulibebe mwenyewe, ni benki ya tishu. Ule utando wa chupa ya uzazi tunaoutupa pamoja na kondo kila mama anapojifungua ni dresingi ya kibiolojia inayotumika kwenye majeraha tangu miaka ya 1910, unapunguza maumivu na unatunza unyevu wa kidonda. Unachukuliwa kwenye upasuaji uliopangwa, mama akiwa amepimwa ukimwi, homa ya ini B na C na kaswende, unaoshwa, unakaushwa, unauliwa vijidudu kwa mionzi ya gama, na ukikaushwa hivyo hauhitaji friza. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limesaidia benki za tishu za namna hii Asia na Amerika ya Kusini kwa miaka mingi. Hauna seli hai kama zile za maabara, lakini tutajifunza kupima wachangiaji, kufuatilia kila kipande kimeenda kwa nani, na kuripoti madhara, na bila hayo hata hizo za maabara hatuwezi kuzitumia kwa usalama.

Mama aombwe ridhaa kliniki, kabla uchungu haujaanza, kwa fomu ya lugha anayoielewa, na akikataa asibughudhiwe. Na mgonjwa anayewekewa kolajeni ya ng'ombe au seli za mtu mwingine aambiwe zimetoka wapi kabla hazijagusa mguu wake.