Ratiba ya watoto wanaosomea nyumbani ianzie kwa mzazi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme na wazazi wanaofundisha watoto wao nyumbani, hasa wale ambao ndio kwanza wanaanza.

Wengi huchukua ratiba ya shule kama ilivyo, vipindi vya dakika 40 tangu asubuhi hadi alasiri, wakaibandika ukutani. Wiki ya pili haijaisha, ratiba imekufa na lawama anatupiwa mtoto: mvivu, hatulii. Lakini dakika 40 za shule zimepimwa kwa darasa lililojaa. Humo mna kunyamazishana, kugawa madaftari, kumsubiri wa mwisho amalize kunakili ubaoni. Mtoto akikaa peke yake na mzazi, hayo yote hayapo. Yanabaki mafundisho matupu, na mtoto wa miaka 6 hawezi kuyahimili dakika 40 mfululizo. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1923, alisisitiza vipindi vifupi kwa watoto wadogo, visivyozidi dakika 20. Sioni sababu ya kumpinga.

Kwa kuanzia, mtoto wa miaka 5 au 6 apewe dakika 10 hadi 15 kwa somo, na kazi yote ya mezani isizidi saa moja na nusu kwa siku. Wa miaka 7 hadi 9 anaweza dakika 20 kwa somo, jumla saa mbili hadi tatu. Wa miaka 10 hadi 12, nusu saa kwa somo, jumla saa tatu au nne. Kuanzia miaka 13, hapo ndipo dakika 40 zinapofaa. Kama sheria ya mahali unapoishi imeweka idadi ya saa, hiyo ndiyo itangulie.

Sasa jambo kubwa, ambalo ratiba nyingi zimelisahau: anayepungua nyumbani ni mwalimu, si muda. Watoto watatu, mzazi mmoja. Kwa hiyo chukua karatasi, chora safu moja ya kwenda chini kwa kila mtoto, kisha ongeza safu ya mzazi. Kila kisanduku cha mtoto kiandikwe somo na herufi moja: M kama anamhitaji mzazi, P kama anafanya peke yake, W kama wote wako pamoja. Ukimaliza, soma karatasi kwa kwenda kulia, mstari kwa mstari. Mstari wowote wenye M mbili utavunjika, hata watoto wawe na adabu kiasi gani.

Tuseme watoto wana miaka 5, 8 na 11. Saa 2:30 asubuhi wote wasikilize hadithi inayosomwa kwa sauti, dakika 20. Baada ya hapo mdogo asome silabi na mzazi dakika 15, huku wa kati akinakili mwandiko na mkubwa akisoma historia kimya. Kisha mdogo aachiwe akacheze, wa kati aje kwa mzazi kwa hisabati dakika 20, mkubwa afanye hesabu za marudio. Wakibadilishana, mkubwa anafundishwa jambo jipya na wa kati anafanya mazoezi ya kile alichofundishwa punde tu. Mdogo anatangulia kwa sababu: akishapata zamu yake hutulia. Ukimwambia "subiri kidogo" mara tatu, hatakuacha ufundishe mwingine.

Herufi P ndiyo yenye mtego. Kazi ya peke yake lazima iwe marudio, kusoma au kunakili. Ukimpa mtoto mada mpya ukaiita P, baada ya dakika tano yuko begani mwako na M imezaliwa. Penseli ziwe zimechongwa na kurasa zimewekwa alama tangu jana usiku. Mpe pia kanuni ya kukwama: swali gumu lipigwe duara, aendelee na linalofuata. Akipiga duara tatu mfululizo, afunge daftari achukue kitabu cha kusoma hadi zamu yake ifike. Duara hizo, kwa kweli, zinamwonyesha mzazi pa kuanzia kesho.

Katika mpangilio wa masomo, hisabati na kusoma vitangulie, akili ikiwa bado safi. Usifuatanishe masomo mawili ya kuandika. Mtoto aliyetoka kwenye insha akaingia kwenye imla ataharibu mwandiko na kuruka herufi, nawe utadhani hajui tahajia, kumbe mkono umechoka. Weka kati yake somo la mdomo: kuhesabu kwa kichwa, kusimulia alichosoma. Sayansi na historia hazihitaji kila siku; mara mbili kwa wiki zinatosha, watoto wote pamoja, kila mmoja akijibu kwa kiwango chake. Jedwali la kuzidisha, kinyume chake, litake dakika 10 kila siku, maana saa nzima ya Ijumaa haifiki nusu ya faida hiyo. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio yaliyoonyesha kuwa marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hukaa kichwani kuliko yaliyorundikwa siku moja.

Kila baada ya masomo mawili pawe na mapumziko ya dakika 10, mtoto ainuke, atoke nje. Katuni si mapumziko ya aina hiyo, kwani hazina mahali pazuri pa kukatia na utatumia dakika nyingine 10 kugombana. Somo linalofuata mapumziko liwe lile analolipenda, ili arudi bila kuvutwa.

Kuhusu saa, funga mambo mawili tu: muda wa kuanza na muda wa kumaliza. Yaliyo katikati yafuatane kwa mpangilio. Ratiba ya dakika kwa dakika ikichelewa nusu saa, siku nzima imeharibika. Ratiba ya mfuatano inasogea tu. Muda wa somo ukiisha kabla ya kazi, chora mstari daftarini, kesho aanzie hapo. Masomo ya wiki yajaze siku nne, na siku ya tano ibaki nusu tupu kwa ajili ya viporo, majaribio na maktaba. Siku hiyo ikikosekana, homa ya siku mbili tu inakuachia deni lisilolipika mwezi mzima.

Kusahihisha nako kuwe na kisanduku chake kwenye safu ya mzazi, dakika 15 kabla watoto hawajaondoka mezani. Madaftari yakilundikana hadi mwisho wa wiki, mtoto amerudia kosa lilelile siku tano na limekuwa mazoea.

Ratiba mpya ipewe wiki mbili kabla ya kuguswa, na ukiigusa badilisha kitu kimoja, la sivyo hutajua kilichosaidia. Andika kila siku kwenye daftari la kumbukumbu: tarehe, kurasa zilizofanywa, kilichoachwa. Panapotakiwa taarifa kwa wakaguzi, daftari hilo ni nusu ya kazi. Mtoto akifika miaka 12 au 13, mpe orodha ya kazi za wiki nzima badala ya ratiba ya siku, azipange mwenyewe, nawe ukague Jumatano na Ijumaa. Ukikagua Ijumaa peke yake utakuta kazi zote zimefanywa Alhamisi usiku.

Wako,
Mwalimu wa watoto wa nyumbani